Samli Juu ya Sakafu ya Mbao

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sehemu kubwa ya hasira zangu nimezimalizia kwa watu walioikanyaga sakafu yangu na viatu. Nasema yangu, ingawa haikuwa yangu. Ilikuwa ya nyumba ya wageni pale Bomani, Tarime, miaka ile ya ujamaa, watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini na viongozi wakipita kila mara kuona kama wamehama kweli. Viongozi hao walilala kwetu. Mimi nilikuwa mtunza nyumba: natandika vitanda, nafagia, nachemsha chai, nafungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimetoka Gorong'a na cheti changu cha darasa la saba, na nilijiona nimefika.

Kwetu Gorong'a sakafu ni udongo uliosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe. Ikichimbika unaziba, Jumamosi unasiriba tena, hakuna kesi. Sasa nikakabidhiwa sebule yenye sakafu ya mbao, nyekundu, inang'aa hadi unajiona meno. Mzungu mmoja wa mambo ya kahawa ndiye aliyeijenga nyumba ile zamani, akaleta mbao zake ndani ya maboksi kutoka Nairobi, akaondoka, nyumba ikabaki. Siku ya kwanza niliogopa kuikanyaga. Nilipita pembeni, nimeshika ukuta.

Aliyenifundisha kuikanyaga alikuwa fundi wa nyumba ile, mzee mfupi, mtu wa Natta, aliyekuja Tarime ujanani akimfuata mkandarasi wa majengo na hakurudi tena kwao. Milango, madirisha, viti, na majeneza ya wafanyakazi wa serikali, yote yalikuwa yake. Alikuwa na kibanda cha kazi nyuma ya nyumba, na yeye na mkewe waliishi chumba kimoja kilichoshikana na kibanda hicho. Alivuta ugoro tangu asubuhi mpaka jioni, pua yake ikawa imekufa kabisa. Uji ungeungua mbele yake asijue. Lakini macho! Alikuwa anapiga magoti mlangoni, anaweka shavu sakafuni, anatazama mbao zote dhidi ya mwanga wa dirisha, kisha anasema, "Jana kuna mtu alivuta kiti hapa." Na kweli kuna mtu alivuta kiti.

Siku hiyo ya kwanza alinionyesha kipande kimoja cha ziada alichokuwa amekihifadhi. Akanigeuzia ubavu wake nione.

"Tazama, binti. Hii si mbao moja. Juu ni mninga, mwembamba kama ukucha wangu. Chini ni mbao laini za hovyo, zimelazwa moja hivi, moja hivi, zikabandikwa kwa gundi. Mzungu alinunua uso tu."

"Kwa nini asinunue mninga wote?"

"Muulize yeye. Lakini ukielewa hilo, umeelewa kazi yako. Sakafu ya mninga mzima ikikwaruzika, nachukua randa, napiga mpaka nifike chini ya mkwaruzo. Hii nikipiga msasa mara mbili tatu, mninga umekwisha, natokea kwenye ubao wa sanduku la chai. Hii haitibiwi. Hii inazuiliwa."

Akanipa masharti yake, na mimi niliyashika kama Amri Kumi, kwa muda. Mikeka ya katani miwili mlangoni, mmoja nje, mmoja ndani, kwa sababu mchanga wa viatuni ni msasa usiolipwa mshahara. Kupangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikakaribia kukauka, kamwe usimwage maji. Mapazia yafungwe jua la mchana likigeukia dirisha la magharibi. Kitu kizito kinyanyuliwe na watu wawili, kisiburutwe hata kidogo. Na chini ya kila mguu wa meza, kiti na kabati alikuwa amepigilia kipande cha ngozi ya ng'ombe, manyoya yakitazama chini, kwa msumari mfupi wa fundi viatu uliozama ndani ya ngozi. Kila Jumamosi nikague ngozi hizo, na iliyolika nimwambie.

Mikwaruzo midogo aliimudu. Alikuwa na nta ya nyuki wa kwao Natta, anaichanganya na unga wa mninga alioukusanya chini ya msumeno, anajaza ufa kwa kidole gumba, anafuta kinachozidi. Ukipita huoni kitu. Alikuwa anapenda kuniita nije nitafute mkwaruzo aliotoka kuuziba, nami nashindwa, naye anacheka mpaka anapiga chafya za ugoro. Sikuwahi kuwa na rafiki mzee kama huyo. Baba yangu mwenyewe hakunichekesha hata siku moja.

Ngozi nilizikagua labda miezi minne. Baadaye Jumamosi ikifika nainama tu, natazama mguu mmoja wa mbele, nanyanyuka. Akiniuliza, "Ngozi?" najibu, "Nzima zote, mzee." Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, mdogo, wa uvivu, na kama kawaida haukuuma.

Panya nao hawakuwa na Jumamosi. Walikuwa wameila ngozi ya mguu wa nyuma wa kabati la vyombo, wameimaliza, ukabaki msumari peke yake umechungulia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Msimamizi wa nyumba, kijana wa suruali iliyopigwa pasi hadi inakata, alipita akasema wiki ijayo tunapokea wageni wakubwa, wanakuja mambo ya operesheni ya vijiji, na kwamba amepitisha kidole nyuma ya kabati akakuta vumbi. Akanionyesha kidole. Basi nikakasirika. Mimi, mtoto wa Gorong'a, niliyepanda mlima na debe la maji kichwani tangu nikiwa na miaka saba, naonyeshwa kidole chenye vumbi! Fundi alikuwa mlango wa pili anatengeneza dirisha. Ningemwita tungenyanyua pamoja. Sikumwita. Niliweka bega kwenye kabati nikalisukuma.

Nilisikia mlio. Sikuelewa ni nini, nikasukuma tena, kwa nguvu zaidi, maana nilidhani limekwama. Nilipoangalia chini, mkwaruzo ulikuwa umetoka ukutani ukaelekea katikati ya sebule, urefu wa fimbo ya mchungaji, na katikati yake, pale niliposukuma mara ya pili, weupe wa ile mbao ya chini ulikuwa unaonekana.

Ningeweza kumwita. Alikuwa hatua kumi. Nilimsikia akipiga nyundo na kuimba kwa sauti ya chini. Lakini angeuliza kuhusu ngozi, na ngozi nilisema Jumamosi tu kwamba ni nzima.

Nikakumbuka bibi yangu. Bibi alikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu, cha zamani kuliko baba, na kila kikipata ufa alikuwa anachukua masizi ya sufuria, anayakoroga na samli, anapaka, anakiweka kando siku mbili. Ufa unapotea, kigoda kinang'aa. Vitu vya mti kwetu vyote vilitunzwa kwa samli: vigoda, mipini, vyano vya chakula. Kuna mti gani unaokataa samli? Na mimi samli nilikuwa nayo, kibuyu kizima, mama aliniletea kutoka nyumbani mwezi uliopita. Kukihifadhi kulikuwa kosa, maana msimamizi alishakataza vyakula vya kwetu ndani ya nyumba ile, alisema vinanuka mbele ya wageni. Nilikificha chini ya kitanda changu.

Nikaikoroga na masizi ya sufuria, nikapaka. Loo! Ilipendeza. Mkwaruzo ukazama, weupe ukageuka hudhurungi, nikafuta kwa kitambaa, nikarudi nyuma nikatazama, nikajisifu kwa sauti. Tatizo likawa moja: sehemu ile sasa iling'aa kuliko sebule nzima. Mtu yeyote angeona. Basi nikapanua kidogo, ili ifanane. Nikapanua tena. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeipaka samli sebule yote, ukuta hadi ukuta, kibuyu kitupu, na nikalirudisha kabati mahali pake kwa kulinyanyua upande mmoja mmoja, safari hii kwa adabu zote.

Kesho yake sakafu ilikuwa inanata. Vumbi la barabarani liliingia dirishani likakaa. Nyayo zangu mwenyewe zilionekana kila mahali, vidole vitano vitano. Siku ya pili sisimizi wakaja, msafara wao umetoka mlango wa jikoni umepita katikati ya sebule kama watu waendao mnadani. Nikaingiwa na kichaa. Nikachemsha maji, nikatia magadi na kipande cha sabuni, nikajifungia ndani nikasugua sebule kwa brashi ya kufulia, maji yakimwagika, yale maji niliyokatazwa. Samli ya juu ilitoka. Mng'ao wa zamani nao ukatoka pamoja nayo. Iliyobaki ilikuwa sakafu kavu, yenye mabaka meupe, nyuzi za mti zimesimama. Na mkwaruzo ulirudi, mweusi sasa, kwa ajili ya masizi.

Msimamizi alipouona alipiga kelele hadi sauti ikakatika. Nikamwambia ni wageni wa wiki iliyopita, walivuta kabati bila kuniambia, na mimi nikajaribu kuosha. Aliamini, ingawa Jumanne alipita palepale bila kuuona, kwa sababu wageni wa wiki iliyopita walikuwa hawapendezi. Akamwita fundi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na nitalisema polepole maana nimelikimbia sana.

Tulikuwa na kopo moja la vanishi. Miaka ile kopo la vanishi halikuonekana dukani kwa urahisi. Hata sabuni tulipanga foleni. Kopo lile lilitoka Mwanza kwa barua na mihuri, na lilikuwa limefungiwa kabatini kwa msimamizi. Alilitoa, akalikabidhi mkononi mwa fundi, akasema, "Ndugu fundi, wageni ni Jumatatu."

Fundi akapiga magoti mlangoni. Akaweka shavu sakafuni. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akatambaa hadi katikati, akapitisha kiganja, akakitazama kiganja chake. Akanusa, lakini pua ile haikuwa na kitu cha kumwambia.

"Binti," akasema bila kunyanyuka, "hapa pamepita mafuta?"

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mafuta yoyote," akasema fundi. "Ya taa, ya kupikia, yoyote. Yakiwa yamepita si neno. Napangusa kwa petroli mara tatu, kazi ya asubuhi moja. Nauliza tu, kwa sababu siwezi kuchimba nione. Mninga wenyewe umebaki kiasi hiki. Vanishi na mafuta hazilali kitanda kimoja."

Wengine wakisimulia makosa yao huweka chui nyuma ya mlango. Wanasema ningefukuzwa, ningeozwa kwa mzee, tungelala njaa. Mimi sikuwa na chui. Kama ningefukuzwa ningerudi Gorong'a kwa mama yangu, ambaye angenipokea kwa furaha na kunipa jembe. Nilichokuwa nacho ni aibu tu. Niliona nitakavyoonekana: mshamba aliyepaka sakafu ya mzungu samli kama kigoda cha bibi yake, mbele ya kijana mwenye suruali ya pasi. Nilimwona tayari anacheka na kuwasimulia wenzake.

"Hapana, mzee," nikasema. "Ni maji tu."

Fundi akanitazama. Nadhani alinitazama jinsi anavyomtazama mtu anayemwamini, sikuona kingine. "Basi vizuri," akasema, akaenda kuchukua msasa.

Na alifanya kazi siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, mimi na yeye peke yetu ndani ya nyumba. Msimamizi hakuwepo kabisa. Hili ndilo ninalojirudishia zaidi kuliko jibu langu la mlangoni, kwa sababu jibu la mlangoni lilinitoka kwa haraka, lakini siku mbili si haraka. Nilimletea chai. Nilikaa chini nikamtazama anavyopiga msasa kwa mkono mwepesi, akifuata nyuzi, akipima kwa ncha ya kidole mninga uliobaki. Aliuziba mkwaruzo wangu kwa unga wa mbao na gundi kwa uangalifu ambao hata daktari hana. Alinisimulia habari za mizinga ya baba yake. Mara mbili nilifungua mdomo, na mara zote mbili nikauliza kama anataka chai nyingine.

Akapiga vanishi Jumamosi alasiri, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Jumapili, wengine wakiwa kanisani, alikuja akagusa ukingoni. Bado ilinata. Akasema ni unyevu wa mvua. Jioni ikanata. Jumatatu asubuhi nilifungua mlango nikaona vanishi imejikusanya mahali pengi ikaacha vishimo kama macho, na kati ya macho hayo imekauka juu tu, chini mbichi. Wageni waliingia saa nne. Mgeni wa kwanza alipiga hatua tatu, na hatua ya nne vanishi ikabanduka na kiatu chake kama ngozi nzima, akaivuta hadi kwenye kiti.

Neno la miaka ile lilikuwa hujuma. Ukikosa sukari ni hujuma, lori likiharibika ni hujuma. Msimamizi alikuwa ameaibika mbele ya wakubwa na alihitaji mtu, na kopo lilikuwa mkononi mwa fundi, tupu. Akasema vanishi nzuri imevuka mpaka pale Sirari ikauzwa Kenya, na iliyopakwa hapa ni masalia yaliyozimuliwa kwa mafuta ya taa. Fundi alisema hapana. Alisema alizimua kidogo kwa tapentaini kama inavyotakiwa, akaonyesha chupa. Aliapa kwa watoto wake. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe. Hakunitazama kuomba nimtetee. Hakuwa na sababu. Kwa anavyojua yeye, mimi sikuwa na cha kusema.

Hakufungwa. Waliona wamemhurumia. Walimwachisha kazi tu. Lakini kuachishwa kazi wakati ule hakukuwa kuachishwa kazi tu, kwa sababu mjini Bomani alitakiwa kubaki mwenye kazi, na asiye na kazi jina lake liliingia kwenye orodha ya lori la kwenda vijijini. Chumba chake kilikuwa cha kazi, kibanda kilikuwa cha kazi, hata benchi lake la randa liliandikwa kuwa mali ya nyumba. Alipelekwa kijiji kipya upande wa Serengeti, si mbali sana na Natta. Watu walisema, "Anarudi kwao huyo, ana hasara gani?" Nami nililishika neno hilo, nikalisema pia, mara nyingi, hasa nikiwa peke yangu.

Asubuhi ya lori alikuja jikoni kurudisha ufunguo wa kibanda. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akauweka ufunguo juu ya meza. "Usiache kukagua zile ngozi. Nimebadilisha ile ya nyuma. Panya walikuwa wameila."

Alijua basi kuhusu ngozi, na hakumwambia mtu. Nikasema, "Ndiyo, mzee." Mkewe alikuwa tayari ndani ya lori, amepakata sufuria zake.

Sakafu iliwekwa zulia la plastiki, la maua, ukuta hadi ukuta. Hakuna aliyenifokea tena kuhusu mkwaruzo.

Miaka ikapita kama sita. Nilikuwa bado pale, nimepandishwa, nikiwafokea wasichana wawili walio chini yangu. Siku moja alilala kwetu mwalimu wa shule kutoka upande ule wa Serengeti, na wakati wa chai akawa analalamika, kama walimu wanavyolalamika. Akasema wana fundi kijijini, mzee, mikono ya dhahabu, amewatengenezea madawati na viti vya kanisa, lakini ni mkaidi wa ajabu. Hataki kupaka vanishi. Kanisa lilichangishana, likapata kopo kwa shida, mzee akakataa kulifungua. Akatoka kabisa nje ya kanisa. Viti vimebaki vikavu, vinachana nguo za akina mama, na kopo limeganda.

Nikamuuliza mzee huyo ametoka wapi. Akasema, "Aliwahi kukaa huku kwenu Tarime."

Nililazimika kwenda jikoni.

Niliomba ruhusa wiki hiyo hiyo. Nilipanda lori la mizigo hadi Mugumu, nikalala kwa jamaa, kesho yake nikapata lori jingine lililonishusha njia panda, nikatembea. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi moja. Mzee, nilipaka samli. Maneno matatu. Niliyasema kwa Kiswahili, nikayasema kwa Kikurya, niliyasema nikivuka kijito, niliyasema mbele ya mbuzi. Nilitaka yatoke kabla ya salamu kwisha, kabla sijapewa kiti, maana najijua.

Kijiji kilikuwa nyumba zilizopangwa mistari, na yake nilioneshwa kutoka mbali kwa ajili ya mizinga iliyotundikwa ukutani. Alikuwa chini ya kivuli cha paa, anachonga mpini wa jembe. Amekonda. Mikono ni ile ile. Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

Alinyanyua uso, akanitambua palepale, na kitu kilichotokea usoni pake sikukitegemea. Aliogopa. Akaweka mpini chini, akafuta mikono kwenye suruali, akasimama kwa shida.

"Marahaba. Marahaba, mwanangu. Umekuja." Kisha kabla sijavuta pumzi akasema, "Nilijua siku moja utakuja kuniuliza. Nimekuharibia sakafu yako."

Nikasema, "Mzee—"

"Ngoja. Niache niseme, nimelifikiria hili miaka yote." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Yule kijana alisema niliiba. Sikuiba. Mungu ananiona, sikuiba hata tone. Lakini vanishi haiwezi kukataa mti mkavu bila sababu, na mti ulikuwa mkavu. Nilikuuliza, ukaniambia ni maji tu. Basi imebaki mimi. Nilizidisha tapentaini. Mkono ulizeeka bila kuniambia. Nimerudia kichwani kila siku, nilimimina kiasi gani, nilimimina kiasi gani, na siwezi kukumbuka, kwa hiyo ni hapo. Mtu akishasahau alichomimina hafai tena kuitwa fundi. Mipini naweza. Madawati naweza. Lile kopo siligusi tena."

Maneno yangu matatu yalikuwa mdomoni, nayasikia kwa ulimi.

"Walikukata mshahara kwa ajili yangu?"

"Hapana, mzee."

"Walikufokea?"

"Kidogo."

Akatikisa kichwa kwa uchungu. "Ulikuwa unaipenda ile sakafu. Ulikuwa unapita pembeni, umeshika ukuta, kama mtu anayevuka mto." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Na umetoka Tarime, mbali kote huko, kuja kunitazama. Mwanangu, umenisamehe?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sikupata tena mahali pazuri kuliko pale, wala sitapata, kwa sababu alikufa masika ya mwaka uliofuata. Nimejiambia kwamba nilimhurumia, kwamba mzee wa umri ule humnyang'anyi miaka sita kwa kumwambia aliitesa nafsi yake bure. Nimejiambia hivyo kanisani na nyumbani. Si kweli. Ukweli ni kwamba alikuwa ananitazama kama mtu mwema, na nilipenda.

"Nimekusamehe, mzee," nikasema.

Akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. Akaangua kicheko, kile kicheko chake cha zamani, akageuka mlangoni akamwita mkewe atoke upesi aje asikie. Mama akatoka anapangusa mikono kwa kanga, akanisalimia, akasimama kando yake.

"Sema tena," mzee akaniambia. "Sema na yeye asikie."

Nikasema tena.